Karavani Nyikani: Majibu kwa Wastaafu Wanaovuka Australia

Barua nyingi za msimu huu zimetoka kwa wazee waliostaafu wanaopanga kukokota karavani kutoka kusini mwa Australia hadi Darwin, na baadhi yao kurudi kwa upande wa magharibi. Tunaanza na uzito, kwa sababu mengi yanayoulizwa kwenye barua nyingine, yaani tairi kupasuka, karavani kuyumba na mafuta kuishia njiani, huanzia hapo.

Swali: Mimi na mzee wangu tumestaafu, tunaishi Adelaide. Tumeonyeshwa karavani yenye kibao cha ATM kilo 3,100. Pikapu yetu ya dizeli inaruhusiwa kuvuta kilo 3,500, na muuzaji anasema tusiwe na wasiwasi. Kitabu cha gari kinasema uzito wa gari tupu ni kilo 2,250, GVM 3,200, GCM 6,000. Tuichukue? – Bibi wa wajukuu wanne

Jibu: Shikamoo mama. Ile 3,500 ni kikomo kimoja kati ya vinne, na mara nyingi si hicho kinachowabana watu. ATM ni uzito wa karavani ikiwa na kila kitu ndani. GVM ni uzito wa juu wa gari pamoja na watu, mizigo na ule mzigo ambao karavani huutua kwenye tufe la kuvutia nyuma ya gari. GCM ni gari na karavani kwa pamoja. Cha nne ni mzigo wa tufe lenyewe, ambao kwa karavani za huku huwa karibu asilimia 10 ya uzito wake.

Tupige hesabu. Karavani ikijaa ni 3,100, hivyo kwenye 6,000 gari linabakiwa na 2,900. Tufe litabeba kama 310, na 310 ikitolewa kwenye GVM ya 3,200 inabaki 2,890. Kwa hiyo gari lenu, kabla ya kufungwa karavani, lisizidi kilo 2,890. Sasa pakieni: gari tupu 2,250, nyinyi wawili 160, ngao ya mbele (chuma cha kukinga gari likigonga mnyama) 60, boma la nyuma la kufunika mizigo pamoja na droo 150, betri ya pili 30, friji ndogo iliyojaa 50, zana na spea ya ziada 80, chuma cha kuvutia 40. Jumla 2,820. Mmebakiza kilo 70. Madebe mawili ya dizeli ya lita 20 na lita 40 za maji ya akiba yanatosha kuwavusha kikomo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi. Tufe liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo hufanya kazi ya wenzo: zile kilo 310 zinaweza kuiongezea ekseli ya nyuma zaidi ya kilo 400 huku zikiinua pua ya gari. Matairi ya mbele yakipungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapoteza nguvu. Gari linaweza kuwa ndani ya GVM na bado ekseli ya nyuma ikawa imezidi. Fremu za pikapu hupinda kwa namna hiyo, hasa kwenye barabara za changarawe.

Ushauri wetu ni karavani yenye ATM isiyozidi 2,600, au muanze kwa kupunguza vitu garini. Ngao ya mbele ina kazi yake kwa anayetembea usiku porini. Kwa anayeegesha kabla jua halijashuka, kilo hizo ni bora ziwe maji.

Kabla ya safari nendeni kwenye mizani ya umma mkiwa mmepakia kila kitu, matangi ya mafuta na maji yamejaa, na nyote wawili mmekaa garini. Pimeni gari peke yake likiwa limefunguliwa. Kisha lifungeni karavani, mpime magurudumu ya gari tu, halafu magurudumu ya karavani tu. Tofauti ya vipimo viwili vya gari ndiyo mzigo wa tufe. Uzito wa magurudumu ya karavani ukijumlisha mzigo wa tufe ndio ATM yenu halisi. Jumla ya gari lililofungwa na magurudumu ya karavani isizidi GCM. Matangi mawili ya maji ya lita 95 ni kilo 190, na yakiwa mbele au nyuma ya ekseli hubadilisha mzigo wa tufe, kwa hiyo pimeni yakijaa na yakiwa matupu. Mkipata ajali mkiwa mmezidisha, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa.

Karavani yoyote ya zaidi ya kilo 2,000 lazima iwe na breki kwenye magurudumu yote, na kifaa kinachoibana yenyewe ikikatika kutoka kwenye gari, breki zikishika kwa muda usiopungua dakika 15. Betri ya kifaa hicho ikaguliwe kila mnapofunga safari. Ikipita kilo 2,500, minyororo ya usalama ni miwili.

Swali: Tunataka kutoka Adelaide hadi Darwin kwa Stuart Highway. Tuondoke lini, na tubebe mafuta kiasi gani? Tangi letu ni lita 80. – Mzee wa dizeli

Jibu: Ondokeni mwishoni mwa Aprili au Mei, mkiwa na nia ya kuiacha kaskazini ifikapo Septemba. Kuanzia Novemba hadi Aprili kaskazini kuna mvua kubwa, mito hufunika barabara, na katikati ya bara joto hupita nyuzi 40. Msidanganyike na neno jangwa: Juni na Julai usiku wa Alice Springs hushuka chini ya sifuri, mpira wa maji ulioachwa nje huganda. Jazeni tangi la karavani jioni, kisha mpira muukunje.

Njia yote ina lami tangu 1987. Kutoka Port Augusta hadi Darwin ni zaidi ya kilomita 2,700. Msishike wastani wa matumizi wa gari tupu. Pikapu inayovuta karavani kubwa hula lita 16 hadi 20 kwa kilomita 100, na upepo ukiwa wa mbele hufika 22 au zaidi. Ukiacha akiba ya asilimia 10, tangi lenu lina lita 72 za kutumia. Kwa lita 18 mnafika kilomita 400, kwa lita 22 mnaishia 327.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Kutoka Pimba hadi Coober Pedy ni kilomita 365 hivi. Katikati kipo kituo cha Glendambo, kilomita 113 kutoka Pimba, halafu kama 254 bila pampu yoyote hadi Coober Pedy. Vituo vya njiani hufungwa, hukatikiwa umeme, au huishiwa. Pigeni simu kutoka Port Augusta kuhakikisha. Bila Glendambo na upepo ukiwa mbele, tangi lenu halifiki. Debe moja la lita 20 lililofungwa nje ya karavani na nje ya chumba cha gari linatosha kwa njia hii. Jazeni Pimba hata kama mna nusu tangi.

Baada ya Coober Pedy, Marla iko kilomita 235 mbele, kisha Kulgera kama 180, Erldunda 75, na Alice Springs 200. Kutoka Alice hadi Tennant Creek ni 505, vituo vipo katikati. Mwendo wa kilomita 90 kwa saa badala ya 100 huokoa mafuta kuliko kifaa chochote cha dukani, maana karavani ni ukuta mbele ya upepo.

Mwenye gari la petroli ataona kwenye pampu za katikati ya bara petroli aina ya Opal mahali pa ile ya kawaida ya oktani 91. Imetengenezwa hivyo kuzuia watu kuinusa, na haidhuru injini.

Coober Pedy, mji wa opali ambako watu wengi wanaishi chini ya ardhi, mkipiga picha msirudi kinyumenyume. Mashimo ya machimbo hayana uzio. Na kwa wanaotaka Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu, kata magharibi Erldunda, kilomita 245 za lami hadi Yulara. Kambi iko Yulara, ndani ya hifadhi hakuna kulala. Tiketi ya hifadhi inanunuliwa mapema mtandaoni. Kupanda mwamba kumekatazwa tangu tarehe 26 Oktoba 2019, kwa kuheshimu Waanangu ambao ndio wenye nchi. Njia ya kuuzunguka kwa miguu ni ya kilomita 10 na kitu, tambarare, na mkianza asubuhi mapema wazee wenye magoti ya kawaida wanaimaliza.

Swali: Tukiwa kwenye mwendo wa kilomita 100, lori lilipotupita karavani ilianza kucheza kushoto na kulia. Mume wangu alikanyaga breki ikazidi. Tulinusurika. Tulikosea wapi? – Bado natetemeka

Jibu: Pole sana mama, na tunamshukuru Mungu mmefika. Breki ya mguu hupunguza mwendo wa gari wakati karavani inaendelea kusukuma kutoka nyuma, ndiyo maana ikazidi. Ikianza kuyumba, shika usukani sawa bila kujaribu kuifukuzia, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, kisha bonyeza kwa mkono kile kidhibiti cha breki za umeme za karavani kilicho kwenye dashibodi. Breki za karavani peke yake huivuta nyuma na kuinyoosha. Mahali pa kitufe hicho mkono upajue bila macho. Fanyeni mazoezi kwenye barabara tupu kwa kilomita 40 kwa saa, nyote wawili.

Chanzo chake kwa kawaida ni mzigo mdogo kwenye tufe. Angalieni mlichoning'iniza nyuma kabisa: spea mbili, baiskeli, sanduku la zana. Kilo 80 kwenye bampa la nyuma huinua pua ya karavani na kuifanya izunguke kwa urahisi. Vitu vizito vikae sakafuni, juu ya ekseli. Kisha punguzeni mwendo. Kuyumba ambako hufa kwenyewe kwa 85 kunaweza kukua hadi kupindua gari kwa 105.

Kuhusu malori: yale ya matela matatu au manne hufika urefu wa mita 53.5, na hayawezi kusimama wala kukwepa. Likitaka kuwapita, kaeni kwenye njia yenu kwa mwendo uleule, na msishuke kwenye changarawe. Likishafika ubavuni, legezeni mafuta kidogo limalize haraka. Redio ya UHF iwe kwenye chaneli 40, ambayo madereva wa malori wanaitumia. Mwambieni: "Karavani nyeupe mbele yako, nitalegeza ukitoka kunipita." Watajibu kwa shukrani. Chaneli 5 na 35 ni za dharura tu. Nyinyi kulipita lori la namna hiyo hakuna haja. Simameni, pikeni chai.

Swali: Tunafikiria kutoka kwenye lami kidogo, kilomita 150 za changarawe. Upepo wa tairi uwe ngapi? – Wawili na ramani

Jibu: Ile barabara yenye vijituta vilivyofuatana kama migongo ya bati ndiyo inayoua vifaa. Punguzeni upepo kwa asilimia 20 hadi 25: tairi la karavani linalobeba psi 45 kwenye lami lishuke hadi 35 hivi, na gari vivyo hivyo. Upepo ukipungua, mwendo nao upungue, usizidi 80, na mara nyingi 60 ndiyo sahihi. Tairi laini kwa mwendo wa lami hupata moto na kuchanika ubavuni.

Kujua kama upepo unafaa, pimeni asubuhi tairi likiwa baridi, mwende saa moja, mpime tena. Kwa matairi ya kazi nzito ongezeko la psi 6 ni la kawaida. Likizidi hapo, tairi linafanya kazi kupita kiasi: ongezeni upepo au punguzeni mzigo na mwendo. Likiwa chini sana ya hapo, upepo ni mwingi.

Kila kilomita 50 simameni. Gusa habu ya kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, beringi yake imeanza kufa au breki imegandia. Gusa pia shokomzoba kwa uangalifu, huunguza. Bebeni seti kamili ya beringi za ekseli yenu, sili, grisi na pini zake, hata kama hamjui kuzifunga, kwa sababu fundi wa nyikani anaweza kuwa na ujuzi na asiwe na kipuri cha saizi yenu. Gurudumu likifunguliwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 na baada ya 100. Magurudumu mengi yanayochomoka ni ya watu waliobadilisha tairi wakasahau hilo.

Kioo cha nyuma cha gari huvunjwa na karavani yenu wenyewe: magurudumu ya gari yanarusha jiwe, jiwe linapiga chuma cha mbele cha karavani na kurudi moja kwa moja kwenye kioo. Fungeni wavu ulioinama kwenye pembetatu ile ya mbele, na boksi la karatasi ngumu juu ya kioo.

Mvua ikinyesha, barabara hizi hufungwa, na ukipita ilipofungwa utapigwa faini. Nyingine hupita ardhi za Waaborijini na zinahitaji kibali, kwa mfano Great Central Road na ile ya Mereenie. Kibali kiombwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Swali: Friji yetu inafanya kazi vizuri tukiwa kambini kwenye umeme, lakini baada ya siku nzima ya kuendesha betri ya karavani haijajaa. Fundi amebadilisha betri mara mbili. – Fundi wa kujitegemea

Jibu: Acheni betri, angalieni waya. Waya unaouzwa kama "milimita 6" kwenye maduka ya vipuri vya magari hupimwa pamoja na ngozi yake. Shaba ndani ni milimita za mraba 4.6 tu. Kutoka betri ya gari hadi ya karavani na kurudi ni kama mita 16. Ukipitisha ampea 20 humo, unapoteza volti 1.2 njiani. Volti 13.8 za gari zinafika zikiwa 12.6, na kwa volti hizo betri haijai. Ukitumia waya wa milimita za mraba 13.5 upotevu unashuka hadi volti 0.4.

Magari mapya yana tatizo lingine: oltaneta yao hupunguza volti makusudi betri ya gari ikishajaa. Dawa yake ni chaja ya DC hadi DC ya ampea 25 au 40 iliyofungwa karibu kabisa na betri ya karavani, na fyuzi pande zote mbili za waya. Yenyewe hupandisha volti hadi betri inapotaka, kama 14.4 kwa litiamu.

Betri ya AGM (aina ya betri ya risasi) ya Ah 100, yaani ampea-saa 100, mhesabu Ah 50 za kutumia. Friji ya kompresa kubwa hula Ah 50 hadi 70 kwa siku ya joto. Ndiyo maana mnaamka na maziwa ya vuguvugu.

Swali: Nina kisukari, natumia insulini. Mke wangu anaogopa tukiwa mbali na hospitali. – Babu mwenye hamu ya safari

Jibu: Shikamoo mzee. Hofu ya mama ina msingi na ina majibu. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8. Msiiegemeze kwenye bamba la baridi la friji, ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Weka kipimajoto kidogo kando yake. Gawa dawa mara mbili, nusu friji ya karavani, nusu friji ya gari, ili moja ikifa usipoteze zote. Daktari wako anaweza kuelekeza kwenye cheti cha PBS, mpango wa serikali wa kupunguza bei ya dawa, utolewe marudio yote kwa pamoja pale masharti yanaporuhusu. Mwombe kabla ya kuondoka, pamoja na orodha ya dawa na vipimo vya karibuni.

Medicare, bima ya afya ya serikali, hailipi gari la wagonjwa. Wakazi wa Queensland wamelipiwa na jimbo lao. Wa Tasmania nao wamelipiwa, ila si wakiwa Australia Kusini wala Queensland, kwa hiyo wao na wengine kateni bima ya huduma hiyo na mhakikishe inafanya kazi nje ya jimbo lenu. Madaktari wa ndege wa Royal Flying Doctor Service wamekuwa wakihudumia nyika hizi tangu 1928, lakini lazima wajue mlipo. Simu ya mtandao wa Telstra hufika mbali kuliko nyingine, na bado kuna mamia ya kilomita bila mtandao. Nunueni kitoa ishara cha dharura cha 406 MHz, mkisajili bure AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, kwa majina na rejista ya gari, na mama ajue kukifungua antena. Maji ya kunywa ni lita 5 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili juu yake, ndani ya madebe tofauti na tangi la karavani. Gari likiharibika, kaeni nalo.

Swali: Tunarudi kupitia Kununurra na Nullarbor. Je, mbwa na matunda vinaruhusiwa? – Bado tuko Katherine

Jibu: Kuingia Australia Magharibi mtakaguliwa, na matunda, mboga mbichi, mbegu na asali vitachukuliwa. Kutoka huko kurudi Australia Kusini ukaguzi uko Ceduna. Maliza vya mbichi siku moja kabla. Kati ya Balladonia na Caiguna barabara haina kona kwa kilomita 146.6, badilishaneni usukani kabla ya kuianza.

Mbwa haingii hifadhi za taifa, Uluru ikiwemo. Hatari kubwa zaidi ni sumu ya 1080 inayotegwa kwa mbwa mwitu. Kipande kidogo kinaua, na haina dawa ya kuitibu. Palipo na tangazo la chambo, mbwa afungwe kamba fupi na kiziba mdomo, hata anapokwenda kujisaidia tu usiku.

Swali: Nyumba tukiifunga miezi minane, pensheni itapungua? – Wenye funguo

Jibu: Nyumba mnayoishi haihesabiwi kwenye mali zenu kwa Age Pension, yaani pensheni ya uzee ya serikali, mkiwa mbali kwa muda, hadi miezi 12. Karavani yenyewe huhesabiwa, kwa hiyo mjulisheni Centrelink, ofisi ya serikali inayoilipa pensheni hiyo, thamani yake mkishainunua. Shida zaidi iko kwenye bima ya nyumba: sera nyingi hupunguza au kufuta ulinzi nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 60. Waandikieni, mpate jibu la maandishi, na mumwachie jirani ufunguo na namba yenu ya simu, bomba kuu la maji likiwa limefungwa.